Luseni, mbuga na ndoo ya rangi: kupanda mboga nyumbani Mwanza bila mbolea ya chumvichumvi

Nyumba nyingi za Mwanza zimekaa juu ya mawe. Mabatini, Igogo, Bugando, uwanja wa mtu mara nyingi ni jiwe, ngazi na mlango wa jirani. Ndoo za rangi zilizokwisha, madumu yaliyokatwa ubavuni na viroba vya unga ndivyo vimekuwa mashamba ya watu, na mimi nafurahi kuviona. Kinachonisikitisha ni chainizi ya njano ndani yake. Mwenyewe huniuliza, "Bwana shamba, niongeze mbolea gani?" Mara nyingi mmea wala haudai mbolea. Ama unazama, ama maji yanaupita mbio.

Shambani mzizi ukikuta pabaya huzunguka ukatafuta pengine. Ndani ya ndoo ya lita 20 hauna pa kukimbilia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mbolea, uliza udongo huu umetoka wapi.

Wazee wa Kisukuma walishatupunguzia kazi, maana udongo wameupa majina kulingana na unapokaa. Luseni ni kichanga cha miteremkoni, kinachotokana na mawe haya haya ya matale tunayoyaona. Mbuga ni ule mweusi mzito wa mabondeni, unaonasa gari masika na kupasuka nyufa kiangazi. Ibushi nao ni wa kijivu au mweusi wenye vipande vya chokaa ndani. Kama hujui wako ni upi, lowesha udongo wa kiganja kimoja, uuvingirishe kama unatengeneza kamba. Luseni hauvingiriki, unamomonyoka. Mbuga unakupa kamba ndefu unayoweza kuipinda bila kukatika. Ukitaka uhakika zaidi, jaza udongo robo ya chupa ya maji, ongeza maji, tikisa sana, iache imesimama mpaka kesho. Mchanga utatua chini kwanza, mfinyanzi juu yake, na utaona kwa macho kipi kimezidi.

Tuanze na luseni, maana ndio wengi wanaochota. Hewa unayo tele, shibe haunayo. Ukimwagilia asubuhi, saa nane umekauka, na kila maji yanapotoka chini yanaondoka na chakula. Kumwaga samadi nyingi siku moja ni hasara. Changanya ndoo mbili za luseni, ndoo moja ya mboji iliyoiva, na nusu ndoo ya mbuga uliokaushwa na kupondwa ukawa unga. Huo mfinyanzi kidogo ndio unaoshika maji na chakula. Kisha tandaza nyasi kavu juu, unene wa vidole viwili. Nyanya na pilipili hupenda mchanganyiko huu, ila luseni una tabia ya kubeba minyoo fundo, ile inayotia mizizi vinundu. Uanike kwanza: uloweshe, ufunike kwa nailoni angavu juani wiki nne hadi sita, miezi ya Juni hadi Agosti jua likiwa halina mchezo.

Mbuga ni hadithi nyingine, na mimi mwenyewe ulinifundisha adabu. Mwaka wangu wa kwanza kupanda nyumbani nilijaza ndoo sita za mbuga mtupu, nikijisifu kwamba udongo mweusi ndio wenye rutuba. Rutuba unayo kweli. Lakini nilisafiri siku nne, nikarudi nikakuta udongo umejikunja, umeachana na ukuta wa ndoo pengo la kuingiza kidole. Nikamwagilia, maji yakashuka kwenye lile pengo yakatokea chini, nami nikaridhika kwamba yamefika. Katikati palikuwa pakavu kama tofali. Bamia zote zikafa huku sakafu imelowa.

Mbuga wa ndoo uvunje nguvu: ndoo moja ya mbuga, moja ya mchanga mnene wa kujengea, moja ya mboji, na nusu ya makapi ya mpunga. Usitie mchanga kidogo kidogo ukidhani umesaidia, kwani mfinyanzi ukichanganyika na mchanga haba unashikana kuliko mwanzo. Makapi yaunguze nusu, yawe meusi, si majivu meupe. Na ukishakuta pengo pembeni, zamisha ndoo nzima kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe.

Ibushi hauna mambo mengi: usiuongezee majivu wala chokaa, tayari unayo ya kutosha. Mboji tu.

Kuna kawaida moja napingana nayo kila siku, ya kujaza kokoto chini ya ndoo eti maji yatoke. Hazisaidii. Maji hukaa kwenye udongo ulio juu ya kokoto mpaka ulowe kabisa, na wewe umempunguzia mzizi nafasi. Toboa matundu matano ya upana wa kidole kidogo, weka kipande cha chandarua juu yake, inua ndoo kwa vijiwe viwili. Basi.

Mboji yenyewe tunayo bahati. Samadi ya ng'ombe inapatikana, lakini iive miezi mitatu. Ukiishika isiwe na joto wala harufu kali. Ya kuku ni kali zaidi, usiipeleke mbichi kwenye mche. Kisha kuna gugumaji, lile lililotuvamia ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Likate mizizi uiache, maana mizizi ndiyo inayokusanya uchafu wa metali, na usilitoe karibu na mdomo wa Mto Mirongo wala mitaro ya mjini. Majani na mashina yanyaushe siku tatu, maana mengi ni maji, yakatekate, panga tabaka na samadi, geuza kila wiki mbili. Usiingie majini bila gambuti. Kichocho hakichagui mkulima. Mchanga au udongo wa ufukweni usichimbe pia: sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 toka ukingo wa ziwa.

Mmea ukishashika, ulishe kidogo kidogo. Jaza majani ya alizeti mwitu nusu ndoo, maji yafunike, acha wiki mbili, chuja, kisha kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji. Maji hayo yananuka vibaya mno, kwa hiyo mwambie jirani mapema. Mmea wa kwenye luseni upe kila wiki, kwenye mbuga kila wiki mbili kunatosha.

Mavuno yakiisha usitupe udongo. Umwage kwenye turubai, utoe mizizi, uuponde, uongeze theluthi ya mboji mpya, na palipokuwa na nyanya panda mchicha au sukuma wiki. Ndoo iliyokuwa na mizizi yenye vinundu usiirudishie mboga ya jamii ya nyanya. Irudishe kwanza juani chini ya nailoni.