Mwambie mtoto asimame kama shujaa wa kwenye jalada
Akina mama wenzangu mnaolea wapenzi wa katuni za mashujaa: mkitaka mtoto aone jinsi wanawake wanavyochorwa, msimhubirie. Chagueni picha ya shujaa wa kike akiwa vitani, kisha mtoto asimame vilevile, miguu, kiuno, mabega na uso, kwa sekunde 10. Pozi nyingi huonyesha kifua na makalio kwa pamoja, na uti wa mgongo haupindi hivyo. Atayumba, na atasema mwenyewe kwamba huyu hawezi kurusha hata ngumi. Halafu ajaribu pozi la shujaa wa kiume wa ukurasa huohuo. Msiruke hatua hii, maana wapo wachoraji wanaopinda kila mtu. Spider-Man hafai kulinganishwa, kwa kuwa kujikunja ndiko kupigana kwake. Wonder Woman anafaa sana: tangu 1941 amechorwa na wachoraji wengi, na tofauti kati yao inaonekana. Kwa binti anayeuonea haya mwili wake, zoezi hili linaumiza. Badala yake, mpe penseli auchore upya mkao, vile ambavyo yeye angesimama akitaka kushinda. Wavulana nao wafanye, tena wao kwanza.