Jinsi ya Kumtambua Mungu wa Kigiriki na Mji Wake kwenye Sarafu ya Kale

Anayenunua leso Biashara Street, hapa Mombasa, hatazami maua peke yake. Huikunjua, akasoma jina, ndipo akajua leso inasema nini. Sarafu za kale za Wagiriki zataka kusomwa vivyo hivyo, kwa sababu mungu mmoja aliabudiwa kwa sura mbalimbali, na mara nyingi mchonga chapa aliiga sanamu iliyosimama katika hekalu la mji wake.

Anza na maandishi, si uso. Miji mingi iliandika jina la wenyeji kwa hali ya umilikaji, hivyo ΕΦΕΣΙΩΝ maana yake ni "ya Waefeso". Katika enzi ya Warumi herufi Σ mara nyingi huchongwa kama C, jambo linalowapotosha wengi wanaoanza. Maandishi yakiwa yamefifia, zima taa ya chumba, kisha mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, chini kabisa, mpaka vivuli vizitokeze herufi. Usiisugue sarafu. Niliwahi kuisugua kwa ndimu na majivu pesa ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, ile yenye mizani, kama tusuguavyo sinia. Ilitoka ikimetameta, na nusu ya maandishi ilikuwa imekwenda na majivu.

Kisha ijue sura ya kawaida kabla ya kuitafuta ya kienyeji. Zeus wa kawaida, mkuu wa miungu ya Kigiriki, ni mzee wa ndevu aliyeketi kitini na tai mkononi. Sarafu za fedha za mfalme Alexander Mkuu zilimsambaza hivyo kutoka Makedonia hadi Babeli, kwa hiyo picha hiyo peke yake haikuonyeshi mji. Kinachokuonyesha ni kile kilichozidi. Zeus mwenye pembe za kondoo dume zilizojikunja sikioni ni Ammon, na sarafu zake mashuhuri ni za Kurene, katika Libya ya leo, ambazo upande wa pili huwa na silfio, mmea wa dawa ulioutajirisha mji ule. Tahadhari: uso wenye pembe hizo lakini usio na ndevu, kwenye sarafu za mfalme Lysimachus, ni wa Alexander mwenyewe, aliyezuru hekalu la uaguzi la Ammon huko Siwa, Misri, mwaka 331 KK na kuhesabiwa mwana wa mungu huyo. Zeus aliyesimama na shoka la makali mawili begani ni wa Labraunda, katika Karia, kusini-magharibi mwa Uturuki. Mungu Serapis wa Aleksandria, Misri, ana nywele na ndevu za Zeus, ila kichwani amebeba kipimo cha nafaka, mfano wa pishi.

Anayefundisha zaidi ni Artemis, mungu wa kike. Kwingineko ni msichana mwindaji, mwenye upinde na podo. Huko Efeso ni mwingine kabisa: amesimama wima kama nguzo, uso ukitukabili, miguu imebanwa pamoja, kichwani ana taji refu, kifuani safu za vitu vya duara, mikononi mapambo yanayoning'inia hadi chini, na mara nyingi ayala wawili ubavuni. Vile vya kifuani wengine huviita matiti, wengine mayai, wengine korodani za mafahali. Wataalamu hawajakubaliana, nami huandika "vitu vya duara" nikaishia hapo. Ukakamavu ule si uzembe wa mchongaji, bali anaiga sanamu ya ibada. Sarafu mashuhuri za fedha za Efeso za karne ya nne KK hazimwonyeshi hata kidogo: upande mmoja kuna nyuki, na upande wa pili ayala na mtende.

Wala usishangae usipoona mtu. Sarafu za Kupro za enzi ya Warumi huonyesha hekalu la Pafo la Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, na katikati yake jiwe lililochongoka kama pia. Jiwe hilo ndilo Aphrodite.

Ukimaliza, pima uzito kwa mizani ya sonara, kisha andika kwenye daftari maandishi, kilicho kichwani, kilicho mikononi na kilicho miguuni, kwa utaratibu huo. Jina la mungu liandikwe mwisho, na lisiandikwe bila mahali pake: si "Zeus", bali "Zeus wa Labraunda".