Kumkuza Mtoto Mchanga kwa Shughuli za Kila Siku

Mzazi wa Nairobi anayetoka alfajiri kuwahi matatu na kurudi jioni aweza kudhani kwamba hana nafasi ya kumfundisha mtoto wake. Lakini kumwogesha, kumlisha na kumbadilisha nepi ni mafunzo tosha, mradi shughuli hizo zisifanywe kimya kimya.

Anza na beseni. Ukishayapima maji kwa kiwiko, mwoshe huku ukitaja kila kiungo unachokigusa, mwulize jambo, kisha nyamaza ukimtazama usoni. Wengi husahau kunyamaza huku. Mtoto wa miezi mitatu atajibu kwa kuguna au kurusha miguu, nawe ukiiga sauti yake ataitoa tena, na kwa kupokezana huko ubongo wake hujenga njia za lugha muda mrefu kabla hajatamka neno. Zungumza lugha unayoimudu, iwe Kikamba, Kiluo au Kiswahili. Kiingereza cha kubabaisha, kwa maoni yangu, kinamnyima mtoto mazungumzo yenye uhai.

Anapotimiza miezi 6 na kuanza kula uji mzito na vyakula vilivyopondwa pamoja na maziwa ya mama, ngoja afungue kinywa mwenyewe, na akigeuza uso, usimlazimishe. Baadaye mpe kipande laini cha ndizi akishike, ingawa atajipaka. Karanga nzima zaweza kumpalia, kwa hiyo zisimkaribie.

Vya kuchezea si lazima vinunuliwe: sufuria, vifuniko na mwiko vinatosha. Katika nyumba ya chumba kimoja, tandika leso mbali na jiko na umlaze kifudifudi akiwa macho, ukiwa karibu, ili shingo ipate nguvu. Simu isigeuzwe yaya. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiketishwe mbele ya skrini kabla ya kutimiza miaka 2.

Akilelewa na yaya au katika kituo cha kulea watoto, usiulize tu kama amekula, bali pia amecheka nini na amecheza na nani, kwani mlezi anayeulizwa hivyo huanza kuyaangalia.

Unapokwenda kliniki, beba Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Asipogeukia sauti, asipoweza kuketi bila kushikiliwa akiwa na miezi 9, au akipoteza uwezo aliokuwa nao, mweleze muuguzi mapema, bila kungoja tarehe ya chanjo.