Nyanya za kitalu nyumba: kulisha mmea bila kulisha mto

Mwongozo huu unahusu nyanya zinazopandwa kwenye udongo na kumwagiliwa kwa matone, kama tunavyolima wengi wetu kwenye miteremko ya Mlima Meru. Naitreti, yaani nitrojeni katika umbo ambalo mmea hulinyonya, inayotokana na mbolea haishikwi na udongo. Maji yakizidi huishusha chini ya mizizi, na kutoka hapo huelekea kwenye visima na mito wanayotegemea majirani wa bondeni.

Hatua ya kwanza ni kupima mipira ya kumwagilia kabla ya kupanda. Tega vikopo chini ya matundu kumi, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mistari, kisha fungua maji kwa dakika 15. Tundu la lita 2 kwa saa litoe nusu lita. Vipimo vikipishana sana, safisha chujio na ufungue ncha za mipira ili uchafu utoke, kwa sababu mwenye matundu yaliyoziba huongeza muda wa kumwagilia ili kuokoa mimea michache yenye kiu, huku mingine yote ikizama.

Hatua ya pili, ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote, ni kuchimba. Saa chache baada ya kumwagilia, chimba kando ya shina hadi sentimita 50 na ufinyange udongo wa kila kina. Ukikuta mizizi imeishia sentimita 30, lakini udongo wa chini kabisa unashikana na kuacha unyevu kiganjani, maji yamepita mizizi pamoja na mbolea yako. Punguza kiasi cha kila awamu na ugawe maji asubuhi na mchana. Msimu wangu wa kwanza sikuchimba: majani yalikolea kijani nikafurahi, kisha matunda yakapasuka na mengine yakaoza kitako. Niliongeza kalsiamu, kumbe ilikuwamo udongoni, ila kumwagilia kwa kushtukiza, leo ukavu kesho mafuriko, kuliizuia kufika kwenye tunda.

Hatua ya tatu ni mbolea. Pima udongo maabara, anza na kiasi kidogo, na uongeze matunda yanapoanza kujaa. Ipitishe katikati ya muda wa kumwagilia, umalizie na maji matupu ya kusafisha mipira tu. Naitreti ya kalsiamu isikae pipa moja na mbolea za salfeti au fosfeti zilizokolea, kwani hufanya machicha meupe yanayoziba matundu.

Kwa wadudu, anza na wavu usiotoboka, mitego ya njano ya inzi weupe na mtego wa harufu wa kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya. Ukilazimika kupulizia, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na maji ya kusuuzia chupa mara tatu yarudi kwenye pampu, kamwe yasimwagwe mferejini.

Msimu ukiisha, panda mahindi yaliyosongamana bila mbolea, yanyonye naitreti iliyobaki, kisha baada ya wiki sita hivi yakate uyatie kwenye mboji.