Mguu wa ngazi ya samaki upimwe Septemba, si Aprili

Malalamiko kutoka skimu za umwagiliaji zinazochukua maji kwenye mito ya bonde la Ziwa Victoria ni yale yale kila msimu: tumechangishana, tumenunua saruji na waya wa gabioni (wa kufungia mawe), tumejenga ngazi ya samaki, yaani vidato vya maji vya kumpandishia samaki, pembeni ya banio (ukuta unaozuia mto ili maji yaingie mferejini), na samaki hawapandi. Wengine wameanza kusema ningu, samaki wa ziwa hili anayepanda mito kutaga, wamekwisha, kazi ni bure.

Kabla ya kumlaumu ningu, shukeni mtoni Septemba mkasimame chini ya ngazi yenu. Mara nyingi mtakuta kidato cha mwisho kinaning'inia. Maji yanadondoka kutoka kwenye zege kama bomba, na kutoka hapo hadi usawa wa mto chini ni sentimita 30, 40, hata zaidi. Samaki hawezi kuingia kwenye ngazi asiyoifikia, na vidato vyote vya juu, hata vikijengwa vizuri namna gani, havina kazi tena.

Kosa hili huanzia siku ya kupima. Kamati hupima Aprili, masika yamepamba moto na mto umejaa, kwa sababu ndipo watu hukutana banioni kugawana zamu za maji. Usawa wa maji unaouona Aprili chini ya banio si usawa atakaoukuta ningu. Yeye hutoka ziwani mvua zinapoanza tu kuupandisha mto, wakati sehemu ya chini bado iko karibu na kina cha kiangazi. Anakimbilia majani yaliyofunikwa na mafuriko, hutaga humo, na mayai huanguliwa kwa siku chache. Akizuiwa banioni wiki hiyo, mafuriko yatapita bila yeye. Kambare anaweza kujikokota kwenye majani yenye unyevu akapata upenyo. Ningu hana uwezo huo.

Basi pimeni mwishoni mwa Agosti au Septemba, maji yakiwa machache kabisa. Chukueni mpira mwangavu wa fundi, mita 30 au zaidi, mjaze maji na mhakikishe hauna hata kiputo kimoja cha hewa ndani. Mtu mmoja ashike ncha ya juu kwenye kigingi kilichochomekwa pale maji yanapofikia upande wa juu wa banio, mwingine ashike ncha ya chini kwenye mti mrefu uliosimamishwa ukingoni mwa maji, chini ya banio. Maji ya mpira yakitulia, na kule juu yakilingana na uso wa maji ya mto, wekeni alama kwenye mti ule pale yanapofikia. Umbali kutoka alama hadi uso wa mto ndio mporomoko wenu. Rudieni mara mbili. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona kimo kikikadiriwa kwa macho, halafu fedha ya wanachama inamwagwa mtoni.

Tuseme mmepata mita 1.2. Kila kidato kishushe maji kwa sentimita 15, kwa hiyo mtahitaji mishuko 8. Mteremko uwe mita 1 ya kushuka kwa kila mita 20 za urefu, yaani ngazi ya mita 24, na kila kidimbwi kati ya mishuko kipate mita 3. Kina cha kidimbwi kisipungue sentimita 60 ili samaki apumzike. Upenyo kati ya mawe makubwa uwe na upana wa sentimita 30. Msiongeze kimo cha kidato ili kuokoa saruji. Maji yanayoshuka sentimita 15 hutoka na kasi ya takriban mita 1.7 kwa sekunde. Yakishuka 40 yanakaribia mita 2.8, na mwendo huo unamrudisha samaki nyuma.

Sasa mguu wenyewe, yaani sehemu ya chini kabisa ya ngazi. Usiishie kwenye uso wa mto wa Septemba. Uzamisheni angalau nusu mita chini ya sakafu ya mto, mkipanga mawe makubwa yaliyofungamana, kwa sababu maji yanayodondoka toka juu ya banio huchimba. Ngazi iliyogusa maji vizuri mwaka wa kwanza huachwa ikining'inia mwaka wa tatu, na hapo watu husema ilijengwa vibaya wakati ukweli ni kwamba haikuwekewa mizizi.

Mdomo wa chini uwe pale pale chini ya banio, si mita 24 huko mbele. Samaki hupanda mpaka azuiliwe, kisha huhangaika papo hapo. Harudi nyuma kutafuta mlango. Kama eneo ni finyu, ikunjeni ngazi igeuke, mguu urudi ubavuni mwa banio. Mlango wa juu nao uwe chini ya ukingo wa banio kwa sentimita 30, ili maji yakipungua ngazi ndiyo ya mwisho kukauka.

Na jamani, mvua za kwanza zikinyesha msizibe ngazi kwa magunia ya mchanga ili mfereji ujae mloweshe majaruba. Siku hizo ndizo ngazi ilijengwa kwa ajili yake, iwe vuli au masika. Wala mtu asitege mgono (mtego wa kusukwa) au nyavu za makila (zinazomnasa samaki kwenye matundu) mdomoni mwa ngazi. Idadi ya ningu ziwani iliporomoka karne iliyopita kwa sababu ya nyavu zilizowekwa kwenye midomo ya mito wakati wa kupanda kwake, na nje ya bonde hili hamna pengine pa kumpata.

Kingo mnazijua: mita 60 bila kulima, kama inavyotaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004. Majani ya bondeni yaachwe, ndimo anamotaga.

Msianze kuchimba kabla ya kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Ombeni mapema, hata Juni, ili ujenzi uishe kabla ya vuli. Vifaranga vya ningu vikionekana juu ya banio, kazi imefanikiwa.

Baada ya mafuriko makubwa ya kwanza, maji yakishapungua, rudini na mpira wenu mpime mguu upya. Ukiwa umechimbwa zaidi ya sentimita 10, jazeni mawe mwezi huo huo, msisubiri mkutano mkuu wa mwaka.