Kabla mafuta ya taa hayajaanza kugawiwa kwa kipimo: mambo ya kuweka sawa mapema

Vita ikianza watu wanakimbilia chakula kwanza, na hiyo naielewa kabisa, ila mafuta ya taa yanasahaulika mpaka siku ile unagonga dumu unasikia liko tupu, na hapo ndo ugomvi unaanza maana giza linaingia kila jioni iwe kuna mgao au hakuna. Naandika kwa wale ambao bado wana chochote kwenye dumu. Mgao wa haki unapangwa wakati majirani bado wanasalimiana vizuri, ukisubiri lita za mwisho mwenye sauti kubwa ndo anabeba.

Anza nyumbani kwako, ujue taa yako inakula kiasi gani, maana wengi tunakisia tu. Jaza mafuta mpaka alama fulani, iwashe masaa 5 kwa mwanga uleule wa kila siku, izime, iache ipoe kabisa, halafu pima umeongeza mililita ngapi kurudi kwenye ile alama (usiiache iwake mpaka iishiwe, utaunguza utambi bure). Tuseme umeongeza 100, basi ni mililita 20 kwa saa, ukiwasha masaa 3 kila jioni ni 60, kwa siku 30 ni lita 1.8. Sasa punguza saa moja tu kila jioni, unakuta lita 1.2. Ukiwa na namba kama hizo hata kikao cha majirani kinabadilika, mtu hasemi tena "sisi mafuta hayatutoshi" anasema taa yetu inakula kiasi hiki kwa saa, na mwingine anaweza kupima akaona ni kweli.

Halafu mkubaliane mnagawa kwa kuangalia nini, na hapa msiharakishe. Uingereza mwaka 1918 makaa ya mawe, gesi na umeme wa majumbani viligawiwa kwa idadi ya vyumba, ni rahisi kuhesabu lakini mwenye nyumba kubwa anapata zaidi hata kama anaishi mwenyewe. Kugawa kwa vichwa kunaonekana ndo haki yenyewe, na kwa chakula ni kweli, ila taa sio chakula jamani, taa moja mezani inamulika watu wawili na inamulika wanane kwa mafuta yaleyale. Mimi naona kila nyumba ipate kiwango kimoja cha chini, halafu nyongeza ziende kwa sababu zinazojulikana na wote: mama anayekaribia kujifungua, mtoto mchanga, mgonjwa wa kuamkiwa usiku, mzee ambaye akijikwaa gizani anavunjika nyonga. Mwenye sola au anayepata umeme japo masaa machache aseme mapema na apungukiwe, sio adhabu, ni kwamba yeye giza halimkuti kama linavyomkuta mwenzake. Na wageni wanaokimbia mapigano, maana watakuja tu, amueni leo kwamba akifika mtu anaingia kwenye daftari na anapata kama wengine, kwa sababu mtu mwenye watoto na mzigo kichwani akishasimama mlangoni sio wakati wa kuanza kupiga kura kama anastahili mwanga.

Kitu kingine kinachovuruga mgao ni jiko la mafuta. Jiko linakunywa kuliko kibatari mara nyingi sana, kwahiyo msiposema wazi kwamba mafuta haya ni ya taa tu, na ya kupikia yana hesabu yake, nyumba moja itamaliza ya wiki kwa siku mbili na itarudi kuomba na mtashindwa kuwanyima.

Kwenye kugawa kwenyewe tumieni kopo moja tu la kupimia, lilelile kwa kila mtu, na mafuta yamiminwe mbele za watu. Anayeshika ufunguo asiwe anayeandika daftari, na wasiwe wa nyumba moja. Gaweni kila wiki, msigawe ya mwezi mzima, maana mafuta mengi yakikaa ndani yanamwagika, yanaibiwa, yanauzwa, na moto ukitokea unakuwa mkubwa zaidi. Wekeni akiba ya dharura, mimi ningetenga sehemu moja ya kumi. Na asiyeweza kusimama foleni apelekewe, haki yake isipotee eti kwa sababu hakuonekana siku ya mgao.

Ndani ya nyumba kuna mengi ya kuokoa bila kuumia. Kateni utambi uwe sawa, ukitoa moshi ushusheni, masizi kwenye kioo yanakula mwanga na mtu anadhani mafuta ni mabaya, kumbe kioo kichafu. Wekeni kioo cha kujitazamia au bati linalong'aa nyuma ya taa, kaeni chumba kimoja jioni, na kama kuna karabai waiteni wanafunzi wa nyumba kadhaa wasome pamoja, inakula zaidi ila mwanga wake unatosha wengi. Kazi za macho zihamieni mchana. Ujerumani na Austria-Hungaria zilisogeza saa mbele tarehe 30 Aprili 1916 ili kuokoa makaa ya mawe, Uingereza ikafuata 21 Mei, lakini nyinyi hamhitaji amri ya serikali kuanza kushona na kuandika mapema. Na pazia zito dirishani, mahali pengine mwanga unaoonekana nje usiku ni hatari kuliko giza lenyewe.

Hili la mwisho naomba lisirukwe. Mafuta yakiadimika watu wanaanza kuyachanganya na petroli yaongezeke, na huko ndo watu wanaungua. Mvuke wa mafuta ya taa hauanzi kushika moto mpaka yafike joto la nyuzi 38 hivi, wa petroli unashika hata chini ya sifuri, kwahiyo taa yenye mchanganyiko inaweza kulipuka mkononi. Mafuta yakinuka petroli yakataeni, hata kama mtakaa gizani usiku huo. Usijaze taa ikiwa inawaka au bado ya moto, na mafuta yakishika moto usimwagie maji, funika kwa mchanga au blanketi zito lililoloweshwa. Msiyaweke kwenye chupa za soda au maji ya kunywa, mtoto ataona ni kinywaji, na akishakunywa msimtapishe kwa sababu yanaingia kwenye mapafu, mkimbizeni hospitali na hiyo chupa mkononi.