Unatumia dawa ya kolestro? Linda misuli na figo zako hivi

Dawa za kolestro kama simvastatin na atorvastatin zinakinga watu wengi wasipate kiharusi na mshtuko wa moyo, so usiziache kwa kuogopa nilichoandika hapa. Ila kuna tatizo, ni nadra lakini likikupata ni emajensi: misuli inaanza kuvunjika, protini yake inamwagika kwenye damu alafu inaenda kuumiza figo, na mtu anaweza kuishia kwenye dayalisisi.

Mara nyingi balaa linakuja ukichanganya dawa. Mfano umeambiwa una vidonda vya tumbo ukapewa dozi ya kuua bakteria, ndani yake mara nyingi kuna clarithromycin, na hiyo inazuia mwili kuvunjavunja simvastatin kwahiyo inajazana kwenye damu. Hapo dokta anatakiwa akusimamishie simvastatin mpaka umalize dozi, na asipouliza mwambie mwenyewe. Vilevile itraconazole na ketoconazole za fangasi, na ARV zenye ritonavir. Hata juisi ya balungi. Kama unameza amlodipine ya presha, simvastatin isizidi mg 20 kwa siku. Na haya sio maneno ya kutishana jamani, cerivastatin, dawa nyingine ya kolestro ya kampuni ya Bayer, iliondolewa sokoni 2001 kwa sababu hiihii, na wengi walioumia walikuwa wanaimeza pamoja na gemfibrozil, dawa nyingine ya kushusha mafuta kwenye damu.

Sasa dalili. Maumivu ya kulima au mazoezi yanapungua siku zinavyoenda, haya yanaongezeka, mapaja yote mawili, mabega, mgongo, mpaka kunyanyuka kwenye kiti au kuinua mkono uchane nywele inakuwa kazi. Ukiona hivyo mtafute dokta mapema, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Mkojo usipobadilika bado haimaanishi uko salama.

Na tafadhali usikimbilie diclofenac duka la dawa, hiyo inazidi kuzibana figo ambazo tayari zina shida.

Ukifika omba kipimo cha damu kinaitwa CK, kinachoonyesha kama misuli inavunjika, pamoja na kreatinini inayoonyesha hali ya figo, na potasiamu, maana potasiamu ikipanda inavuruga mapigo ya moyo. Wakikulaza watakuwekea dripu za maji mengi. Beba maboksi ya dawa zote unazotumia, na za kienyeji pia, wayaone kwa macho.